Arbuni ya Paka Ambaye Hajazaliwa

Mwezi wa pili nilimtumia mfugaji mmoja hapa Uingereza pauni 150 aniwekee mtoto wa paka. Mama wa mtoto huyo alikuwa hata hajapandwa. Nilichokuwa nacho mkononi ni ukurasa mmoja wa makubaliano, picha za majike wawili na dume mmoja, na jina langu likiwa la nne katika orodha.

Nimeulizwa sana juu ya jambo hili, nyumbani Malindi na hapa Leicester, na swali huja kwa sura mbili. Wengine wanashangaa mtu kutoa pesa kwa ajili ya paka, wakati kwetu paka anaingia mwenyewe na asubuhi unamkuta amezaa ndani ya kapu la nguo. Wengine, hasa wazee, wanauliza jambo zito zaidi: pesa ile inanunua nini, ikiwa mnyama hayupo? La kwanza nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Paka ninayemngoja ni Sokoke. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko kati ya Kilifi na Malindi, kilomita za mraba zipatazo 420, nyuma ya Gede na Watamu. Mwaka 1978 Jeni Slater, aliyekuwa na shamba upande wa Watamu, alikuta watoto wa paka wenye manyoya yasiyo ya kawaida: rangi ya kahawia, mabaka mapana yaliyojipinda, na hata ndani ya baka lenyewe kila unywele una rangi zaidi ya moja, hivi kwamba paka akilala chini ya mti ni vigumu kumtenga na gome. Wagiriama, kama wanavyosimulia wafugaji, walikwisha kumjua paka huyu na kumwita khadzonzo. Slater aliwalea, na katika miaka ya 1980 rafiki yake Gloria Moldrup akapeleka wengine Denmark. Mwaka 1993 shirikisho la FIFe, linalounganisha vyama vya wafugaji wa paka wa nchi nyingi, likamtambua Sokoke kuwa aina yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wafugaji walirudi tena Watamu kutafuta damu mpya, kwa kuwa ukoo ule wa Denmark ulikuwa umetokana na paka wachache mno.

Ningetaka paka tu, ningekwenda kwenye kituo cha paka walioachwa. Cats Protection wanafanya kazi hiyo hapa tangu 1927, na kila anayeniomba ushauri humwelekeza huko kwanza. Lakini ukoo mdogo kama wa Sokoke hauendelei wenyewe. Lazima awepo mtu mwenye daftari, anayejua nani ni mtoto wa nani, anayekataa kumpandisha jike kwa dume wa damu yake hata kama dume huyo yuko chumba cha pili, anayelipia vipimo na kusafirisha jike mwendo mrefu kwa ajili ya dume asiye wa ukoo wake. Paka wa kwetu ametunzwa na watu wa mbali kwa zaidi ya miaka 40. Mimi niliyekulia jirani na msitu ule nataka na mimi niwe na mkono katika kazi hiyo. Hilo ndilo jibu langu la swali la kwanza, na sina la kuongeza.

Sasa pesa. Mfugaji anaomba arbuni, au dipoziti kama wengi tunavyoiita, kwa sababu iliyo wazi. Watu hujiandikisha kwa wafugaji watano kwa mpigo. Wa kwanza kuwa na paka ndiye anayenunuliwa, na wale wanne hawaambiwi neno. Mfugaji aliyewekewa ahadi anabaki na mtoto ambaye angekwisha kupata nyumba, na kila wiki inayopita mtoto huyo anakula, anachanjwa, anakua, na wanunuzi wanazidi kumpita kwa sababu wanataka mdogo. Pesa kidogo inayotangulia huwachuja wenye nia na wasio na nia. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugumu uko kwenye tumbo lenyewe. Paka jike hatoi mayai mpaka apandwe. Tendo lile ndilo linaloyafungua. Kwa hiyo mfugaji anaweza kujua tarehe bila kukosea sana, na kuanzia hapo anahesabu siku 63 hadi 67. Karibu na wiki ya tatu chuchu hugeuka rangi ya waridi na kuvimba kidogo, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ambayo jicho lililozoea huitambua. Ultrasaundi huonyesha mapigo ya moyo mapema, lakini katika kuhesabu haiaminiki; mtoto mmoja hujificha nyuma ya mwenzake. Hesabu ya kutegemewa ni ya eksirei, mifupa ikishakomaa, baada ya siku ya 45 hivi. Kwa hiyo mtu aliye wa nne kwenye orodha hukaa zaidi ya theluthi mbili ya mimba bila kujua kama kuna mtoto wake humo ndani.

Na akijua, bado. Mzao wa kawaida ni watoto watatu hadi watano, na jike anayezaa mara ya kwanza mara nyingi huzaa wachache zaidi. Mfugaji huenda akataka kubaki na mmoja wa kuendeleza ukoo, na ni haki yake. Umeomba jike, wanazaliwa madume watupu. Halafu kuna vifo vya siku za mwanzo, ambavyo wauzaji wengi hawapendi kuvitaja. Kuna hata vifo vinavyotokana na damu: mama akiwa wa kundi B na baba wa kundi A, watoto waliorithi A wakinyonya maziwa ya kwanza, kinga zilizo ndani ya maziwa hayo huvunja chembe zao za damu. Mtoto aliyezaliwa mzima akinyonya vizuri anakufa ndani ya siku moja mbili. Kundi B ni la kawaida kwa aina kama British Shorthair na Devon Rex, na mfugaji makini wa aina yoyote hupima kabla ya kupandisha. Nilimwuliza huyu wangu. Akaniletea karatasi za maabara za majike wote wawili na za dume kabla sijamaliza chai.

Nilikuwa nimekwenda kwake, maana paka ambaye hajazaliwa hana wa kumwakilisha isipokuwa mama yake. Jike mkubwa alishuka kutoka juu ya friji akatembea mezani mbele yangu. Sokoke ana miguu ya nyuma mirefu kuliko ya mbele, na akitembea huonekana kana kwamba anakwenda kwa ncha za vidole. Alininusa mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akakaa juu ya ile karatasi ya makubaliano, ikabidi tungoje. Manyoya yake ni mafupi, yamelala, hayana ile tabaka ya chini yenye joto waliyonayo paka wa huku, na mfugaji huwawekea kitanda juu ya rejeta, chuma cha kupasha nyumba joto, wakati wote wa baridi. Nilimtazama sana. Nilikuwa nimemwona paka wa sura ile nikiwa mtoto, akikatiza njia ya Gede jioni.

Ami yangu ni mwalimu wa madrasa. Habari ilimfikia kwa mama, naye akapiga simu.

"Assalaam alaykum ami, shikamoo."

"Waalaykumus-salaam, marahaba mwanangu. Nimesikia umenunua mimba ya paka."

Hakuwa anacheka. Katika Bukhari na Muslim, vitabu vya maneno ya Mtume, imo hadithi ya Ibn Umar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza biashara ya mimba ya mimba, yaani kile atakachokuja kuzaa mtoto ambaye mwenyewe bado yuko tumboni, ambayo watu wa zama za ujahili walikuwa wakiifanya kwa ngamia. Na katika Muwatta ya Imam Malik, kutoka kwa Said bin al-Musayyib, imekatazwa kuuza kilicho matumboni mwa majike na kilicho migongoni mwa madume, yaani mbegu zao. Ami alinifafanulia kisa chake: mnunuzi anatoa pesa ya hakika kwa kitu cha kubahatisha. Ngamia akizaa salama, mmoja amefaidi. Mimba ikiharibika, mwingine amekula pesa bure. Biashara imegeuka kamari, na kamari huwaachia watu chuki.

Suala la kuuza paka mwenyewe hakulikalia sana. Iko hadithi ya Jabir katika Sahihi Muslim inayokataza thamani ya mbwa na paka, na wapo wanazuoni walioishika kama ilivyo, lakini wengi, na Imam Nawawi wa madhehebu yetu ya Shafi akiwa miongoni mwao, wamejuzisha kuuza paka mwenye manufaa. Lililomshughulisha ni arbuni. Mashafi, Mamaliki na Mahanafi hawaikubali arbuni ile ambayo mnunuzi akighairi muuzaji anaizuia. Imam Ahmad aliikubali, akitegemea habari ya Nafi bin Abdulharith aliyemnunulia Sayyidna Umar nyumba ya Safwan bin Umayya kule Makka, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia, Safwan abaki na kiasi cha pesa. Na mwaka 1993 baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Brunei likaijuzisha, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe wazi.

"Sasa nisomee hiyo karatasi yako," akasema.

Nikaisoma, nikiigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi. Ilisema pesa hii ni ya kushika nafasi kwenye orodha. Mauzo ya paka yatafanyika baadaye, mtoto akishazaliwa, akishaonwa na daktari wa mifugo, na pande mbili zikishakubaliana juu ya mtoto yupi. Pauni 150 zitaingia kwenye bei. Asipopatikana mtoto wa zamu yangu, zinarudi zote.

Ami akatulia, kisha sauti ikalegea. "Basi hujanunua mimba. Umeahidi kununua, na umeweka pesa kuonyesha nia. Ile ni amana iliyo kwake, si mali yake bado. Na wewe ukighairi?"

Hapo karatasi ilisema anaichukua yote.

"Hilo baya. Achukue hasara iliyompata kweli kwa sababu yako. Kama alinunua chakula, kama alirudia kutangaza, sawa. Zaidi ya hapo amekula kisichokuwa chake. Na mpaka lini?"

Karatasi haikuwa na tarehe.

"Mwambie aweke tarehe, mwanangu. Pesa isiyo na tarehe husahauliwa na mwenye kuishika."

Nikamwandikia mfugaji nikiomba mambo hayo mawili. Alijibu siku ile ile. Tarehe aliiweka: mwisho wa mwaka ujao, kama zamu yangu haijapata mtoto, pesa inarudi bila mimi kuidai. Na nikighairi, atakata gharama anazoweza kunionyesha, zisizozidi pauni 50. Akaongeza kwamba hata sheria ya hapa iko upande huo. Nikaenda kuitafuta, na ni kweli. Sheria ya haki za watumiaji ya mwaka 2015 inayataja miongoni mwa masharti yanayoweza kuhesabiwa si ya haki yale yanayomruhusu mfanyabiashara kuzuia pesa ya mteja aliyejitoa bila yeye kumfidia mteja kiasi hicho hicho akijitoa mwenyewe, na mwongozo wa mamlaka ya ushindani na masoko unataka malipo ya awali yawe sehemu ndogo ya bei na muuzaji abaki na kile tu kinachofidia hasara yake. Maneno "dipoziti hairudishwi", yanayobandikwa kila tangazo, hayana nguvu ambayo wanunuzi wengi wanadhani yanayo.

Ami yangu hajawahi kusoma sheria ya Uingereza, na waliotunga sheria ile hawakukaa kwenye mkeka wake. Lakini wote wanakataa jambo moja, mtu kushika pesa ya mwenzake bila kumpa kitu. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia. Mtu anayeishi ugenini huwa na mizani mbili moyoni, na mara nyingi zinavutana. Safari hii zilikaa sawa.

Nasisitiza karatasi kwa sababu kwa paka hakuna kingine cha kushikilia. Hapa England anayezalisha mbwa mizao mitatu au zaidi kwa mwaka anatakiwa awe na leseni ya uzalishaji. Kwa paka leseni ya namna hiyo haipo. Iko sheria inayoitwa ya Lucy, kwa jina la mbwa aliyeokolewa kutoka shamba la kuzalishia huko Wales, iliyoanza kutumika tarehe 6 Aprili 2020: mfanyabiashara haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au wa paka aliye chini ya miezi 6 ambaye hakumzalisha mwenyewe. Kwa aliyekwisha kuzaliwa, omba kumwona pamoja na mama yake. Kwa aliye tumboni, mwone mama kabla hujatuma hata shilingi. Kama huwezi kufika, omba simu ya video, na umwombe akuonyeshe jike akila sasa hivi, kitabu chake cha chanjo, na namba ya usajili ambayo unaweza kuiulizia chamani.

Matapeli wanaipenda sana biashara ya mimba, na ni rahisi kuona sababu. Anayeuza paka aliyepo lazima ajibu ukimwambia nakuja kesho. Anayeuza aliye tumboni ana miezi mitano ya kukungojesha, wiki tisa za mimba na wiki 12 au 13 za kunyonya na chanjo, na muda wote huo ana picha za kukutumia, za paka wa mtu mwingine. Kisha zinafuata pesa za kreti, za bima ya safari, za kibali. Nairobi na Dar nako watu wananunua paka wa Kiajemi kwa njia hii, dipoziti inatumwa kwa simu kwenda kwa mtu ambaye hata sura yake haijulikani. Ninaumia nikisikia, kwa sababu wanaoibiwa mara nyingi ni wazazi waliotaka kumfurahisha mtoto.

Jike mkubwa alipandwa mwezi wa tatu. Hakushika. Mfugaji alituandikia wote wanne kwamba chuchu hazijabadilika na ultrasaundi haina kitu, na akauliza kama kuna anayetaka pesa yake. Hakuna aliyetaka. Alipandwa tena, akashika, na eksirei ikaonyesha vichwa vinne. Wanne tumboni na sisi wanne kwenye orodha. Nilimpigia mama usiku ule.

Walizaliwa alfajiri, wote hai. Mfugaji huwapima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, bakuli juu, kitambaa ndani ya bakuli, na hutuma namba: 101, 97, 94, 88. Mtoto mwenye afya anaongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Kesho yake watatu wa kwanza walikuwa wamepanda. Wa nne alikuwa 84. Mfugaji akaanza kumnyonyesha kwa bomba la sindano kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, akimweka kifuani ndani ya blauzi ili apate joto, kwa sababu mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya maziwa hata akiyameza. Siku ya tatu asubuhi alipiga simu badala ya kuandika, nikajua.

Nilihuzunika sana kwa kiumbe ambacho kwa mujibu wa karatasi hakikuwa changu. Na hapo ndipo nilipoona vizuri zaidi faida ya jinsi tulivyoandikiana. Kama mfugaji yule angekuwa ameuza watoto wanne tangu wako tumboni, kifo kile kingekuwa deni. Angekuwa na sababu ya kukificha, au ya kutafuta mtoto mwingine mahali na kumwingiza katika mzao, au ya kunikabidhi mdhaifu aliyeponea chupuchupu bila kunieleza kitu. Kwa kuwa alikuwa ameshika amana tu, hakuwa na cha kuficha. Alinieleza kila saa ilivyokuwa. Aliniambia amempeleka kwa daktari wachunguze sababu, na majibu yakija atatutumia sote, pamoja na yule mwenye dume. Kisha akasema pauni 150 zangu anaweza kuzirudisha mchana ule ule, au nikipenda zisubiri jike mdogo, ambaye atapandishwa majira ya vuli kwa dume wa damu nyingine.

Nilimpa ami habari. Aliuliza kwanza hali ya jike, kama ananyonyesha hao watatu vizuri. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama tarehe ya mwisho bado iko mbele.

Iko mbele. Wale watatu wataondoka wakishatimiza wiki 13, kila mmoja na chanjo zake na chipu yake ya utambulisho chini ya ngozi, ambayo tangu tarehe 10 Juni 2024 ni lazima kwa kila paka anayefugwa England kabla hajafikisha wiki 20. Nimemwambia mfugaji pesa ibaki kwake. Jina langu sasa ni la kwanza kwenye orodha ya jike mdogo.